Upo Tu: Mwongozo wa Kuwa Mpweke Songea Ukiwa Umezungukwa na Watu

Mtu anayefanya kazi ya mtandaoni Songea huitwa kwa maneno mawili mara nyingi kuliko anavyoitwa kwa jina lake: "Upo tu." Jirani anayasema akiwa na beseni kichwani: "Naona upo tu, hebu niangalizie haya mahindi, kuku wasiyamalize." Shemeji anayasema kwenye simu kutoka Mbinga: "Kwa kuwa upo tu, nenda stendi ukanipokelee gunia." Mwenye nyumba anabisha hodi saa aipendayo, maana anajua upo tu. Na wewe muda huo umevaa shati lililopigwa pasi kwa juu na bukta kuukuu kwa chini, hedifoni masikioni, na nyuso sita za Wazungu zimejipanga kwenye kioo zikisubiri useme jambo.

Nina miaka minne ya kuwepo tu hapa Bombambili. Kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya Kiswahili yanayopita chini ya video za watu wa ughaibuni: mafunzo ya kilimo, matangazo ya dawa ya meno, mara mojamoja filamu ya mapenzi. Ofisi ni meza moja, kiti cha plastiki nilichokiwekea mto, na dirisha linalotazama ua wa bibi mmoja jirani yangu. Kwa maelezo ya bibi huyo, mimi ni kijana asiye na kazi lakini ana hela. Mtu wa namna hiyo mtaani kwetu ama huombewa ama huchunguzwa. Mimi nimefanyiwa yote mawili.

Kwa kuwa naona vijana wanazidi kuingia kwenye mkumbo huu, nimeona nisife na utaalamu wangu. Fuateni hatua hizi, na ndani ya mwaka mmoja mtakuwa wapweke kamili.

Hatua ya kwanza: ujue ugonjwa wako

Usichanganye upweke wetu na wa wenzetu. Uingereza ilipoona upweke umezidi, mwaka 2018 ikamkabidhi waziri jukumu la kuushughulikia. Japani nayo ikafanya hivyo mwaka 2021. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2025 likasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Songea hatuna waziri wa upweke. Tuna balozi wa nyumba kumi, ambaye anajua jana ulikula dagaa wa Nyasa, anajua ulinunua kwa nani, na anajua hukuosha sufuria.

Kwa hiyo mtu akikwambia unaumwa upweke katika mji ambao huwezi kutoka mlangoni kwako hadi kwenye genge bila kuitikia shikamoo nne na kutoa tano, atakuwa ameongopa. Ndivyo nilivyojiambia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nikagundua kwamba watu nilionao ni wengi, ila hakuna hata mmoja anayeamini kuwa nafanya kazi. Anayetoka shambani anarudi na jembe begani na tope miguuni. Fundi seremala ana vumbi la mbao kwenye kope. Mwalimu ana chaki kwenye mkono wa shati. Mimi natoka chumbani na macho mekundu tu, na macho mekundu yana tafsiri nyingine kabisa katika mkoa unaogema ulanzi.

Tena tulikosa bahati ya darasa. Mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nyingi zilifungia watu ndani, na hata bibi wa Chicago akamwona mjukuu wake akihudhuria kikao kutoka jikoni. Sisi shule zilifungwa mwezi Machi, zikafunguliwa kufikia mwisho wa Juni, na masoko hayakufungwa hata siku moja. Sikatai, tulinusurika na mengi kwa kutofungiwa. Lakini ndiyo maana mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuona mtu mwenye akili timamu akitafuta riziki huku amejifungia chumbani na kuongea peke yake.

Hatua ya pili: jitenge kwa ufanisi

Anza na saa. Chagua mwajiri aliye mbali sana, ikiwezekana Chicago. Wao wakiingia kazini saa mbili asubuhi, hapa ni saa kumi na moja jioni. Ukishazoea, mwezi Machi wanasogeza saa zao mbele na kikao kinakuwa saa kumi. Novemba wanazirudisha, kinahamia tena saa kumi na moja. Jua la Songea linawatazama tu. (Wiki yangu ya kwanza niliambiwa kikao ni saa tatu. Nikaketi saa tatu, kwa hesabu ya Kiswahili, nimenyoa na ndevu. Nilikaa na kioo chenye sura yangu mwenyewe dakika arobaini kabla sijakumbuka kuwa wenzetu huanza kuhesabu saa usiku wa manane.)

Uzuri wa saa kumi na moja jioni ni kwamba ndiyo saa mji unapofunguka. Jua limepoa, mashine ya kusaga inaunguruma, vijana wanapita na mpira, wamama wametandika mikeka, kwenye kijiwe cha kahawa drafti limepamba moto na watu wanabishana kuhusu Simba na Yanga kwa sauti ya kugombea urithi. Hapo ndipo wewe unafunga dirisha ili kelele zisiingie kwenye kikao. Ukimaliza ni saa tano usiku. Waliobaki macho ni mbwa, na mlinzi wa duka la pembejeo lililo kwenye kona.

Huyo mlinzi ndiye mfanyakazi mwenzangu wa kwanza. Zamu zetu zinalingana. Mwezi Juni, mji huu ulioinuka zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari unapokuwa na baridi ya kukunja vidole, ananikaribisha kwenye moto wake na kuniuliza: "Wameshalala hao wa kwako?" Namjibu ndiyo kwanza wametoka kula cha mchana. Anatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikia habari za wafungwa.

Ukishaiweza saa, nenda kwenye misiba. Yaani usiende. Hakuna dawa ya upweke wa kudumu kama kukosa misiba mitatu mfululizo. Wa kwanza watasema amesafiri. Wa pili watasema anaumwa. Wa tatu hawatasema kitu, na hapo ujue umeshafaulu. Mimi katika msiba wa tatu nilituma rambirambi kwa simu, shilingi 20,000, si haba, na ujumbe kwamba niko kwenye kikao. Mweka hazina wa kamati alijibu kwa ustaarabu: "Asante, pesa imefika. Wewe hujafika."

Kwa sisi Wakatoliki kuna pia jumuiya ndogondogo. Jumuiya yangu husali Jumamosi alfajiri, saa ambayo mtu aliyeachana na Chicago saa tano usiku anakuwa ndiyo kwanza amegeukia upande wa pili. Katibu ana daftari la mahudhurio. Nasikia siku moja alisoma jina langu, mtu akajibu, "Yuko mtandaoni," naye akaandika "mgonjwa". Ninamshukuru kwa uungwana huo. Wote tunajua daftari lile hufunguliwa siku gani tena, na siku hiyo mwenye jina huwa hana nafasi ya kujitetea.

Hatua ya tatu hadi ya sita

Umeme ulikatika nikiwa naziandika.

Nisilalamike sana. Kabla ya mwaka 2018 Songea ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, tukitegemea mitambo ya dizeli, hadi njia kubwa ya umeme kutoka Makambako ilipofika. Kazi kama yangu isingewezekana wakati ule. Lakini nina siri ambayo naomba isifike Chicago: saa za giza ndizo saa zangu nzuri. Umeme ukikatika, kila nyumba inatoa watu nje kama mzinga uliofukiziwa moshi. Kila mmoja anauliza swali lilelile, "Na kwenu?" na kila mmoja anajua jibu. Mtu anakumbuka hadithi. Mtu analeta mahindi ya kuchoma.

Sikukuu yangu kubwa kuliko zote ilikuwa Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania nzima ikaanza kutambaa. Chicago hawakunipata. Bando lilikuwepo, simu ilikuwa na chaji, kosa lilikuwa chini ya Bahari ya Hindi. Sijawahi kupewa ruhusa nzito kama hiyo. Nilikwenda kijiwe cha kahawa, nikafungwa drafti na mzee wa miaka sabini mara nne, nikanyoa kwa kinyozi badala ya kujinyoa, nikaenda hadi msibani kwa mtu nisiyemfahamu. Chicago walidhani nimekufa. Bombambili walidhani nimefufuka.

Hatua ya saba: kula peke yako

Hii nitakaa nayo kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonipata kwelikweli.

Miongozo ya Kizungu husema mpweke aende kwenye mgahawa tulivu wenye kahawa na intaneti. Nilijaribu. Mgahawa nilioupata ulikuwa na televisheni inayoonyesha mieleka na spika inayopiga Bongo Fleva, vyote kwa pamoja, na mhudumu aliyenisimamia hadi nilipoagiza supu ya pili. Nikarudi chumbani, nikawa naagiza chipsi mayai na kulia juu ya kibodi. Ukiigeuza kompyuta yangu leo na kuikung'uta, unapata kifungua kinywa.

Sasa sikia. Kilomita ishirini na ushee magharibi ya Songea ipo Peramiho, ambako Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni mwaka 1898. Ukiwatazama vizuri, wale ndio wafanyakazi wa mbali wa kwanza mkoani kwetu. Wakubwa wao walikuwa Bavaria, na taarifa ya kazi ilisafiri kwa miguu na meli, majibu yakichukua muda ambao leo mtu angeshafukuzwa na kuajiriwa tena mara mbili. Tena walikuja na kanuni inayothamini ukimya, watu ambao kukaa kimya ndiyo fani yao. Ungetegemea wawe mabingwa wa kujifungia vyumbani.

Lakini nenda Peramiho usikilize kengele. Kengele ya kusali, kengele ya kazi, kengele ya chakula. Hawakuacha suala la kukutana na wenzao litegemee kama mtu anajisikia au hajisikii. Kengele ikilia unatoka, hata kama ulikuwa katikati ya sentensi. Na katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, kuna kifungu kinachosema mmonaki akitenda kosa dogo atatengwa na meza ya wenzake: atakula peke yake, baada ya wao kumaliza. Hiyo ni adhabu. Wameiandika kabisa kama adhabu. Mimi nilikuwa najihukumu nayo kila mchana, bila kosa, na pilipili juu.

Nilipojua hilo nikaamua kuanzisha utawa wangu. Tulikuwepo wanne mjini tunaofanya kazi za namna hii: mmoja anatunza hesabu za asasi iliyoko Dar es Salaam, mmoja anachora nembo, dada mmoja anajibu wateja wa duka la mtandaoni la Ulaya, na mimi. Tukakodi chumba karibu na Soko Kuu, tukanunua kipokea intaneti kimoja na birika moja. Tulijiona kama Litowa imerudi. Kwa asiyejua, Litowa ni kijiji cha wilaya hii ambapo kuanzia mwaka 1960 vijana wa TANU walianza kuishi na kulima pamoja, na kwa mfano wao kikazaliwa Chama cha Maendeleo Ruvuma, vijiji vilivyojiongoza vyenyewe kabla Azimio la Arusha halijatangazwa. Wale walifanikiwa kuishi pamoja mpaka chama tawala kikaona wamezidisha, kikawavunja Septemba 1969. Sisi hatukuhitaji kuvunjwa na mtu. Mwezi wa kwanza tuligombana kuhusu nani anapakua filamu kwa bando la wote. Mwezi wa pili, nani anamaliza sukari. Mwezi wa tatu dada wa wateja wa Ulaya alisema neno kuhusu miguu ya mchora nembo, na funguo zikarudishwa kwa mwenye chumba. Birika ninalo mimi. Wenzangu wakisoma hapa wajue kuwa lilipasuka.

Hatua ya nane: jihadhari na dawa

Kuna programu za simu siku hizi zinazokuuliza, "Umeshindaje leo, rafiki?" na ukijibu kuwa umechoka, zinakuambia kuchoka ni hisia halali. Watu wanaozitumia wananiambia zinasaidia. Mimi sibishi. Naishi tu katika mji wenye Makumbusho ya Majimaji, mji ambao kila Februari tarehe 27 unawakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na ambao jina lake ni la Nduna Songea Mbano. Songea haina haja ya kufundishwa habari za dawa inayogeuza risasi kuwa maji. Anayetaka kuninyunyizia nyingine, aanze na yeye.

Hatua ya mwisho: jinsi ya kuharibu yote niliyoyaandika hapo juu

Mwaka jana wakati wa mavuno, bibi jirani alikuwa ameanika mahindi yake kwenye turubai, nami nilikuwa mlinzi wa kuku kama kawaida, maana nilikuwepo tu. Siku hiyo kazi ilikuwa na haraka. Nikatoa meza hadi barazani, kompyuta mkono mmoja, kijiti cha kufukuzia kuku mkono mwingine. Bibi akarudi kutoka kisimani, akaweka ndoo chini, akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyo mzungu anasema nini?"

Nikamweleza. Mzungu anafundisha kilimo. Anasema kwa Kiingereza. Mwingine ameshatafsiri, mimi nasahihisha, maneno yanapita hapo chini ili mkulima wa Tanzania asome.

"Na wanakulipa?"

"Wananilipa."

"Kwa maneno aliyokwisha kuyasema mwenyewe?"

Nikakubali kwamba, ukiitazama hivyo, ndiyo. Akavuta kigoda akakaa. Macho yake bado mazima, na alisoma darasa la watu wazima enzi za Mwalimu, kwa hiyo anasoma herufi mojamoja kama anayechagua mchele. Video ikaonyesha mtu akitoa punje kwenye gunzi. Chini pakapita maneno: menya mahindi yako yakiwa makavu.

"Umenye mahindi?" Bibi alishtuka kama aliyetukanwa. "Mahindi yanamenywa? Ndizi ndiyo inamenywa. Mahindi yanapukuchuliwa!"

Maneno yale yalikuwa yamepitia kwa mtafsiri Nairobi, kwa mhakiki Berlin, na kwangu mimi, mwana wa mkoa unaolisha nchi mahindi, niliyekulia kwenye magunzi. Watu watatu tunaolipwa kwa dola. Nikafuta, nikaandika "pukuchua". Bibi akasoma herufi mojamoja hadi mwisho, akaridhika, kisha akauliza kama hao wa Chicago wataambiwa ni nani aliyewasahihisha.

Tangu siku hiyo meza imebaki barazani. Kazi isiyo na haraka naifanya asubuhi, bibi akipukuchua upande wake nami nikipukuchua wangu. Neno likinisumbua nampigia kelele juu ya ua: lile ganda la hindi tunaliitaje, ile mvua ya kwanza kabla ya kupanda ina jina? Mara nyingine ananipa neno la Kingoni na kukasirika kuwa Kiswahili hakina. Saa sita mchana anagonga sufuria kwa mwiko. Sijui kama amewahi kufika Peramiho, ila nainuka hata kama niko katikati ya sentensi. Kwenye sinia lile tunakula watano au sita, inategemea nani amepita. Maswali ni yaleyale: leo wamekusema? Wamekulipa? Yule msichana wa kwenye filamu ya juzi aliolewa? Juzi mlinzi wa duka la pembejeo naye alipitia akitoka zamu, akala, akasinzia akiwa ameegemea nguzo.

Saa za jioni bado sijazitatua. Chicago haijasogea, na kijiweni bado nafungwa drafti Jumapili tu. Msiba wa mwezi uliopita nilikwenda, nikachelewa kikao, nikakatwa. Sikumwambia mtu, ila kesho yake kila mtu alikuwa anajua, na katibu wa jumuiya aliniuliza wamekata kiasi gani.

Wiki iliyopita alikuja kijana kumtafuta mwenye nyumba. Aliponiona nimekaa barazani akanifuata moja kwa moja, "Kaka, naona upo tu, naomba..." Hakumaliza. Sauti ilitoka upande wa pili wa ua.

"Muache huyo, yuko kazini!"

Kijana akaomba radhi, akaondoka kwa adabu. Mimi nikabaki na vidole juu ya kibodi, sioni vizuri kwenye kioo. Kisha nikaona kitambaa cha kichwa kikiinuka juu ya matete ya ua.

"Mjukuu wangu, mimi natoka kidogo kwenda mashineni. Kuku utawaangalia, eti? Si upo tu."